Uzi wa Dhahabu Kinywani mwa Umulkheir

Kaka yangu Kamaludin alikuwa sonara hapa Langoni, na kwa kazi ya mkono hakuwa na mpinzani. Lakini wivu! Alikuwa na mke mmoja na wivu wa kuwatosha wake kumi. Mchota maji alifukuzwa kwa kuitikia salamu ya mke wa kaka yangu kwa bashasha. Dirisha la juu lilipigiliwa misumari kwa sababu ng'ambo ya kichochoro alikaa Mzee Abdulghafur, ambaye macho yake hayakuona hata sahani ya wali iliyo mbele yake. Mimi ni dada yake wa tumbo moja, nina haki ya kumsema.

Mkewe, Umulkheir, alikuwa mwanamke wa kicheko. Akicheka yeye, majirani hucheka bila kujua sababu. Kwenye harusi ndiye aliyetuanzishia nyimbo, nasi wanawake tukimpokea. Basi mwaka wa pili baada ya uhuru, punda aliyebeba boriti aligeuka ghafla kichochoroni, ncha ya boriti ikampata mdomoni. Meno mawili ya mbele, ya juu, yakamtoka palepale. Tangu siku hiyo akawa anazungumza huku amejiziba kwa ncha ya leso, na nyimbo akaziacha. Harusi ya Hadia, binti wa dada yake, ilikuwa inakaribia, naye akaapa kwamba haendi.

Ndipo tuliposikia habari za Bwana Patroba, daktari wa meno, mtu wa bara aliyekuwa akitoka Mombasa mara kwa mara kuja kutibu watu hapa. Mtu akiwa na pengo, daktari huyu huyasaga kidogo meno ya pande mbili, akayavisha vikofia, na baina yake akashikiza meno mapya yasiyotoka. Mwenyewe aliliita daraja. Umulkheir alifurahi mno. Kamaludin alinuna.

“Zidole za mwanamume kanwani mwa mke wangu?” alisema. “Hayawi! Mimi mwenyewe si fundi?”

“Bwana, wewe ni fundi wa zipuli,” mkewe akamwambia.

“Kipuli na ino, zote ni kazi ya mkono.”

Nilimcheka usoni, lakini hakunisikia. Alichukua nta, akapima pengo kwa vidole vyake mwenyewe. Akachonga meno mawili ya pembe ya ndovu, akayatoboa, akayapitishia uzi mwembamba wa dhahabu, na uzi huo akauzungusha kwenye meno mazima ya kulia na kushoto. Haki ya Mungu, yalipendeza! Umulkheir alijitazama kiooni, akalia, akacheka, akalia tena. Kwenye harusi ya Hadia aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Sasa wanawake wakirudi nyumbani huwa na midomo. Wakawaeleza waume zao, na waume wakamfuata Kamaludin msikitini kumpongeza kwa meno mazuri ya mkewe. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alirudi nyumbani, akamuuliza mkewe vipi wanaume wa mji mzima wamejua kilichomo kinywani mwake. Nilitaka kumpiga na mwiko.

Uzi nao ukaanza kulegea, meno ya pembe yakawa yanatikisika. Kamaludin akaukaza. Ukalegea tena, akaukaza zaidi. Ndivyo walivyofunzwa masonara: kilicholegea hukazwa. Dhahabu hutii, lakini jino lina mzizi na nyama, na kila alipoukaza uzi ndivyo meno mazima yalivyozidi kucheza. Ufizi ukavimba. Umulkheir akawa anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwomba Kamaludin ampeleke kwa daktari, akasema utapoa. Nikamwambia mwenye wivu ni yeye na mwenye maumivu ni mwingine, kisha nikamvisha Umulkheir buibui na kumshika mkono. Kamaludin alitufuata nyuma, akaingia nasi, akasimama karibu na daktari kiasi cha kumzibia mwanga.

“Bi, nani alifunga hii waya?” Bwana Patroba aliuliza.

“Mimi,” Kamaludin akasema.

Daktari aliikata, akayagusa yale meno mazima ya kando, yakayumba. Akatikisa kichwa.

“Bwana, haya mawili ndiyo yangebeba daraja. Mngenijia mapema, ningelijenga bila shida. Sasa lazima niyang'oe. Daraja bila nguzo litasimama juu ya nini?”

Yakang'olewa. Pengo la mawili likawa la manne, na kwa pengo lile, na hali ya ufizi ule, daktari alisema hawezi tena kumjengea daraja. Alimpimia meno ya kuvaa na kuvua, na yalipoletwa kutoka Mombasa yalimkaa vyema. Umulkheir akarudi harusini, kwa majirani, kwenye nyimbo zake.

Lakini akirudi nyumbani huvua buibui, kisha huvua meno na kuyatia kwenye bakuli la maji. Hula bila meno, huzungumza bila meno, ncha ya leso mdomoni. Kamaludin alimbembeleza ayavae siku moja tu, amwone. Umulkheir akamjibu kwa upole kwamba yanambana, na kwamba nyumbani hana wa kumchekea.

Juzi nilipita dukani kwa Kamaludin. Alikuwa ameshika kipuli ambacho hakuwa akikifanyia kazi yoyote. Alitazama mlangoni kwanza, kuhakikisha hakuna anayesikia, ndipo akaniuliza:

“Nana, yale meno yamemkaaye?”

“Yamemkaa vizuri sana.”

“Na akiteka?”

“Akicheka ni kama zamani,” nikamwambia, na nikamwona amenionea wivu, mimi dada yake, kwa kuwa nimemwona mkewe akicheka.