Makofi kwa Kiingereza Kizuri

Miaka ya tisini, katika shule yetu ya bweni nje kidogo ya mji wa Migori, sentensi ya kawaida ya Kiingereza haikukupatia kitu. Sentensi yenye nahau ilikupatia makofi ya kilo: darasa zima likipiga kwa pamoja, mwalimu akihesabu. Kila mmoja alikuwa na daftari lake la nahau. Tulijua kwamba mtu mpole ametulia kama tango, ingawa hakuna aliyewahi kuona tango likilishinda boga kwa utulivu. Tulijua weupe wa theluji. Tukiulizwa Kiingereza cha upawa au cha nyongo, tulitazama dari.

Kulikuwa pia na sheria kwamba ruhusa haiombwi ila kwa Kiingereza. Maji, choo, dawa, vyote hivyo. Ukiteleza ukasema Kijaluo, Kikuria au hata Kiswahili, kiranja aliandika jina lako kwenye orodha ya viboko ya Ijumaa.

Jirani yangu wa dawati alikuwa bingwa wa nahau wa darasa la saba. Mama yake aliuza omena, dagaa wa ziwani, kisiwani Remba. Jumatano moja msichana huyo aliamka akijikunja, na kufikia kipindi cha Kiingereza jasho lilikuwa linamtiririka.

"Sema unaumwa," nikamnong'oneza.

"Hapa panaitwaje?" Alikuwa ameshika chini ya kitovu, upande wa kulia.

Sikujua. Tukapekua daftari lake kurasa zote. Palikuwa na simba, nyuki, mahakimu na mabaharia. Tumbo halikuwemo.

Basi akasimama na alichokuwa nacho. Kwa Kiingereza safi akasema yuko chini ya hali ya hewa, maana ndivyo Waingereza wanavyosema mtu akiwa hajisikii vizuri.

Uso wa mwalimu ukachangamka. "Mmesikia, nyinyi mbumbumbu? Makofi ya kilo! Moja, mbili..."

Tukapiga. Akaashiriwa aketi.

Dakika kumi baadaye akasimama tena, ameshikilia dawati. Safari hii alisema yuko kwenye mlango wa kifo. Mwalimu aliguswa kwelikweli. Aliiandika nahau hiyo ubaoni, akaipigia mstari, akauliza nani anaweza kuitumia katika sentensi nyingine. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupaa. Nikamweka babu yangu, aliyekuwa buheri wa afya kwake Ndhiwa, kwenye mlango huohuo, nami nikapigiwa makofi.

Yalipoisha, jirani yangu alikuwa sakafuni.

Mpishi wa shule, aliyekuwa akipita na sufuria, aliingia bila kubisha. "Nyathina, kanye marami?" Mwanangu, unaumwa wapi? Msichana akajibu kwa Kijaluo, maneno matatu tu, na kiranja, kwa mazoea, akaandika jina lake. Mpishi akambeba mgongoni hadi barabarani. Hospitalini walimpasua siku hiyohiyo. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka.

Alipona. Wiki ya tatu mama yake akafika, amevuka ziwa na kupitia Homa Bay. Mwalimu hakujua Kijaluo, kwa hiyo waliongea Kiswahili mlangoni pa ofisi, nasi tukifagia karibu kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu, mtoto alikuambia ni mgonjwa?"

"Alisema, mama. Tena vizuri sana."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na ulisikia?"

"Nilisikia. Kiingereza chake..."

"Sijauliza Kiingereza chake. Nauliza, ulifanya nini?"

Mwalimu akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akakohoa, akaeleza kwamba shule imechukua hatua: kuanzia Jumatatu kila darasa litakariri sentensi ishirini za ugonjwa.

"Mkariri vizuri," mama akasema. "Wangu hatakuwepo."

Akaenda bwenini, akajitwika sanduku la bati la binti yake. Mimi nikabeba godoro, nikamfuata mpaka langoni. Nilitaka anione nikisaidia.

"Ni wewe ulikuwa unakaa naye?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijua anaumwa?"

"Nilijua."

Alinitazama kidogo, sanduku kichwani, mkono mmoja ukilishika.

"Basi weka hilo godoro chini," akasema. "Nitarudi kulichukua mwenyewe."