Mshipi wa Mwalimu Bertilla

Si kweli kwamba Mwalimu Bertilla alishuka ziwani Kasanga kutafuta mume kwa wavuvi. Mjane huyo alifuata nyuzi. Tangu akiwa chuoni alitamani ukulele, kigitaa kidogo cha nyuzi nne, na alipokipata Sumbawanga mjini muuzaji alikuwa amekifunga nyuzi za chuma. Kililia kama gitaa la kilabuni, na kwaya ya kanisa lake la Kasense isingekipokea. Akakipeleka kwa fundi Adolfu.

"Ng'oa nyuzi hizi. Na vigingi vya mbao vya kukazia nyuzi pia. Kiangazi cha Ufipa huvikausha vikateleza. Weka vya chuma, vyenye meno."

"Nyuzi nyingine tutatoa wapi, Mwalimu?"

"Nitaleta mshipi wa kuvulia."

"Kwani tunaimba au tunavua migebuka?"

"Wewe utakaza tu, baba."

Aliporudi kutoka Kasanga na mshipi, Adolfu akakaza. Bertilla akapapasa uzi mmoja mmoja, na sauti ikatoka laini hata fundi akaacha utani. Jumapili angepiga kanisani.

Njiani jirani yake Jenifa akamdaka. "Dada, matanga yamekwisha, sawa. Lakini yule mvuvi uliyeonekana naye Kasanga ni nani?"

"Aliniuzia mshipi. Sina la kuongeza."