Shangazi Mastura na Saumu Zangu

Shangazi yangu Mastura, tuliyemzika hapa Shella mwezi uliopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliuza mahamri miaka thelathini bila kupima unga. Alichokihesabu ni saumu zetu. Mwanamke wa nyumba yake akikosa kufunga kwa ajili ya hedhi, shangazi aliweka kichwani siku za kulipa. Ukimwambia sita, atakwambia saba, na ni saba kweli.

Mwaka nilioolewa nilizilipa zangu mwezi wa Shaaban, kila Jumatatu na Alhamisi. Siku ya tatu ya Ramadhani nikaona matone ya damu. Nikajua ni hedhi imechelewa. Nikajificha jikoni na hamri la jana, mdomo umejaa, shangazi akaingia.

"Shaaban nzima hukukatiza hata siku moja," akasema. "Leo ndiyo waingia mwezini? Vaa buibui, twende hospitali."

Nikamwambia ni matone tu, wala siumwi. Kwenye tuktuk akanisimulia jambo ambalo hata mama hakulijua. Mimba yake ya kwanza naye aliidhani hedhi. Tumbo lilimuuma upande mmoja siku tatu, akanyamaza kwa haya, mpaka akazimia. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi. Alipona kwa upasuaji.

Kipimo cha mkojo kilionyesha nina mimba. Hapo ndipo nilipoanza kulia, nikijua damu ile ndiyo mwisho wake. Daktari Cherop akasema wanawake wengi hutokwa na damu mimba ikiwa changa, na wengi wao hujifungua salama, ila bila kupimwa hakuna ajuaye. Akanipiga picha ya tumbo, akatugeuzia kioo. Kitu kidogo kama punje ya kunde kilikuwa kikipwitapwita.

"Moyo huo," akasema. "Damu ikizidi, au ukiumwa tumbo, ukiona kizunguzungu, usingoje kesho. Na kwa sasa usifunge."

Shangazi akamuuliza kama mahamri yanafaa.

Damu ilikoma siku ya tano, ila mwezi ule sikufunga tena. Badi alizaliwa salama. Nilipomwachisha ziwa nikamwambia shangazi nina siku ishirini na saba za kulipa.

"Ishirini na nane," akasema. "Umesahau ile ya hamri."

Mwaka huu nimezihesabu peke yangu. Nimerudia mara tatu, na bado sina hakika.