Kibarua Aliyenibebea Sanduku

Kisa hiki cha miaka ya tisini nimekificha hata kwa mke wangu. Leo nakitoa, mnicheke mpaka mchoke.

Nilistaafu jeshini nikiwa sajini, na nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja nikaitwa kusomea chuo cha ualimu karibu na Kabianga. Siku ya kuripoti nilivaa suti, nikang'arisha viatu mpaka nikajiona humo. Jeshini tulimpima mtu kwa viatu vyake.

Ndani ya geti nilimkuta mzee wa gambuti akipogoa michai ya chuo, matope hadi magotini.

"Chamgei," akanisalimu. "Wewe ni mwanafunzi mpya?"

"Simama wima ukiongea na sajini!" nikafoka. "Beba hili sanduku mpaka ofisini. Haraka!"

Alinitazama kidogo, akaweka panga chini, akajitwika sanduku. Alipolegea mlimani nikamhesabia hatua: "Kushoto! Kulia!" Wanafunzi walijazana madirishani. Nilidhani wanaistaajabia suti yangu.

Ofisini karani alisimama ghafla. Heshima hiyo pia nikaichukua mimi. Nikamwambia nataka kumwona mkuu wa chuo, na kwanza kabisa nimshtaki kibarua huyu kwa uvivu.

Karani alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Mzee akatua sanduku, akaingia ofisi ya ndani na gambuti zake, akazunguka meza kubwa, akaketi, akavaa miwani.

"Ingia, sajini," akaniita. "Tuanze na hayo mashtaka."