Nduku wa Kabati na Kiatu Kilichobaki Tulia

"Huo wimbo uuzime, ama nije niuzime mimi," anasema Nduku Musembi akiwa mlangoni pake, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Nizime aje, Mama Wavinya, na redio ni ya mteja? Najaribu spika," anajibu Kivuva Mwangangi kutoka mlango wa mkabala.

"Jaribu na wimbo ingine. Kwani uliimba moja peke yake?"

"Niliimba mingi. Watu wanataka huo."

Ni saa sita mchana sokoni Kabati, Kaunti ya Kitui, na muuza ndizi ameshaziacha ndizi zake asogee karibu. Ugomvi wa majirani hawa wawili hapa haupitwi na mtu. Vibanda vyao vinatazamana. Kivuva, 59, ni mpiga gitaa anayekula kwa kutengeneza redio na spika. Nduku, 52, ni fundi wa cherehani na mwimbaji wa kwaya.

Kinachogombaniwa ni jina.

Mwaka 1992, Kivuva na bendi yake ya watu watano walirekodi wimbo wa Kikamba kuhusu msichana aliyecheza bugi, ile dansi ya mchana ya Boxing Day, huko Tulia, hadi kiatu chake kimoja kikabaki uwanjani. Na benga ya Ukambani bila kutaja watu haijaiva: shabiki akiomba, jina lake linaingia, na kwao panatajwa. Mwenye kiatu alikuwa Nduku mwingine, wa mji wa Sultan Hamud. Kaka yake ndiye aliyeomba atajwe.

"Sultan Hamud ni refu," Kivuva anaeleza, akicheka chini chini. "Gitaa imeshafika kona, na mimi bado niko kwa Sultan. Nikaimba Kabati. Kabati ilikaa hapo vizuri. Sikujua huku kuna Nduku ako kwa kwaya."

Alikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na bugi alikuwa akiisikia tu kwa watu. Kanda ilipoingia sokoni, kila duka liliicheza, na wazee wa kanisa wakamwita. Alivuliwa sare ya kwaya, akakalishwa benchi la nyuma miezi mitatu.

"Waliniuliza kiatu kiko wapi," anakumbuka. "Nikawaonyesha vyangu vyote viwili. Wakasema nimenunua ingine."

Enzi hizo gitaa la umeme lilikuwa chombo cha shetani. Mamake Kivuva alilificha la mwanawe ndani ya ghala la mahindi, wageni wa kanisa wasilione. Lakini kanda ziliuzwa, na mwanamuziki akipita sokoni alinunuliwa chai kila kibanda. Baadaye simu zikaua kanda, bendi ikasambaratika, na Kivuva akashika chuma cha kuchomelea nyaya. Siku nzuri humpa shilingi mia nane, naye hanung'uniki.

Halafu mwaka jana vijana wakaufukua wimbo ule. Wanajirekodi kwa simu wakiucheza na kiatu kimoja mguuni. Kanisani nako mapambio sasa yanakwenda kwa mdundo uleule wa benga, na gitaa la kanisa likikatika uzi huletwa kwa Kivuva. Anayelileta ni mchungaji mwenyewe.

Sasa Wavinya, bintiye Nduku, anaolewa Jumamosi, na ametangaza kwamba anautaka wimbo huo kwenye sherehe, upigwe na Kivuva mwenyewe. Amewaambia marafiki zake wote kuwa ni wimbo wa mamake. Kwa Kivuva, hii ingekuwa mara ya kwanza kusimama mbele ya watu tangu bendi ivunjike. Hata Musyoka, mpiga besi wake wa zamani, ameahidi kuja kutoka Mwingi. Lakini Kivuva amemwambia bibi harusi kwamba bila ruhusa ya mamake haendi. Na sharti la mamake lilikuwa fupi: rekebisha jina.

Kivuva anazima redio ya mteja. Anatungua gitaa lake msumarini.

"Basi sikia hii."

Kwa wiki mbili amekuwa akiuongezea wimbo mzunguko mmoja wa nyuzi, hapo kwenye kona iliyomshinda zamani. Anapiga, anaimba, na Sultan Hamud inaingia yote, mpaka herufi ya mwisho. Muuza ndizi anapiga makofi.

Nduku anauweka mkasi mezani.

"Na mimi niko wapi?" anauliza.

"Wewe umetoka, Mama Wavinya. Jina yako ni safi."

Nduku anatikisa kichwa. "Rudisha Kabati."

Watu wanacheka. Yeye hacheki.

"Hiyo dhambi nimeibeba miaka thelathini na tatu na sijawahi kuicheza," anasema. "Jumamosi nitaicheza."

Kivuva anajifanya anakaza uzi ambao tayari umekaza. Anasema akishapiga Jumamosi, yeye na Musyoka wataurekodi upya kabla ya mwaka kuisha, na safari hii wataingia Nduku wote wawili, kila mmoja na kwao.

Miaka yote hii ya kutazamana, hajawahi kuvuka mlango wa Nduku, hata kuomba maji. Nduku anakunja kitambaa kilichokuwa kwenye benchi, anapangusa nafasi kwa kiganja. Sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, inafuka mvuke nyuma ya cherehani.

"Ingia ule, Baba Mutiso, chakula inapoa," anamwambia Kivuva. "Na hiyo gitaa usiiache nje."