Stovu ya Shaba na Chinsaga za Mama Mkwe

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa, mume wangu aliporudi kutoka mjini Kisii na stovu ya shaba, ya mafuta ya taa, na sufuria mbili zinazong'aa. Pande zetu za Ekerenyo hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye stovu. Aliinunua kwa ajili ya mama yake, ambaye tangu mvua kubwa zianze alikuwa kitandani na alikataa karibu kila chakula.

"Sasa utapika upesi na vizuri," aliniambia. Nilimwamini.

Alhamisi moja mama mkwe alitamani chinsaga, zile mboga chungu za kwetu. Nilimshukuru Mungu, maana hakuwa ametamani kitu kwa wiki nyingi. Nikaipiga stovu pampu, ikanguruma, na mboga zikaiva jirani yangu akiwa bado anapuliza kuni. Mama mkwe alionja, akatema.

"Mwanangu, moto wako unanguruma kama lori, lakini mboga zako bado ziko shambani."

"Nizichemshe tena, mama?"

"Ziache zipumzike. Una haraka ya kunizika?"

Nilicheka kwa adabu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilichoogopa ni kwamba angefariki bila kushiba hata mara moja kutoka mkononi mwangu.

Kuhusu kupumzisha mboga sikumwelewa. Niliona zimekosa moto tu. Ijumaa nikachuma nyingine, nikachemsha, nikamwaga maji machungu, nikachemsha tena kwa moto mkali zaidi, hata mafuta ya taa yakaisha. Nikaonja. Bado zilikuwa chungu. Nilitoka kutafuta kuni, nikaona jua limefika kilimani. Kwetu Sabato huingia jua la Ijumaa likizama, na ikishaingia hapana kupika. Nikamimina maziwa juu ya zile mboga, angalau zisikauke, nikafunika sufuria kwa jani la mgomba na kuiweka pembeni. Katika sala ya kufungua Sabato niliimba kwa midomo tu.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, sikuwa na kingine cha kumpa. Nikampelekea mboga zilivyokuwa, baridi, na ugali wa wimbi wa jana. Nilisimama mlangoni nikingoja ateme.

Hakutema. Maziwa yalikuwa yameondoa ule uchungu usiku kucha, huku stovu imezimwa na mimi nimelala.

"Leo umepika," alisema.

"Mama, sikufanya lolote. Mafuta yaliisha, na Sabato ikaingia."

"Basi ishukuru Sabato. Na wewe ukae, unanizibia mwanga."

Stovu ile sikuidharau; ilinichemshia maji ya kumwogeshea asubuhi za baridi, na nilishukuru kuwa nayo. Ila siku ile nilikaa chini kando ya kitanda chake, mikono mitupu, nikamwangalia akimega tonge baada ya tonge, polepole, mpaka bakuli likabaki tupu.