Daraja limezama, Mama yuko Longisa

Watu wangu, leo nimelia kama mtoto kando ya barabara.

Mama anafanyiwa upasuaji leo, hospitali ya Longisa. Nilimwahidi nitamshika mkono kabla aingie.

Halafu mto ukajaa, daraja likazama. Bodaboda haipiti. Hata lori ya majani chai imekwama ng'ambo.

Mama akapiga simu. "Uko wapi? Wanakuja kunichukua."

Nikamlilia kwa simu. Machozi tu.

Hapo karibu kuna banda la kupimia majani chai. Wakulima walikuwa wakingoja hiyo lori, majani yao yakiharibika kwa magunia. Mama mmoja mzee akaniambia, "Weka simu kwa spika, mwanangu."

Akaanzisha wimbo wa kanisa kwa Kikipsigis. Wote wakaitikia.

Nikasema, "Mama, nakuja, nita..."

"Nyamaza wewe," Mama akasema. "Acha waimbe."

Kisha nikamsikia anaimba nao. Jamani, furaha iliyoniingia hapo sijawahi kuisikia hata madhabahuni. Na bado nilikuwa nalia!

Simu ikakatika.

Sasa nikipiga imezimwa. Maji hayajashuka.

Lakini hawa watu hawajaacha kuimba. Wewe unayesoma, tafadhali, itikia.